Una Sony A7 III: uhamie A7 IV, au pesa iende kwenye lenzi?

Swali hili huja WhatsApp, usiku, likiwa na picha ya kamera iliyowekwa juu ya kioo cha meza ya duka: "Kaka, nimeipata hii A7 IV, haijatumika sana. Mimi nina A7 III. Nibadilishe?" Nyuma yake kuna pesa ya jasho: ya kikoba, ya mkopo, au iliyodundulizwa harusi kwa harusi. Ni rahisi kumwambia mtu "badilisha" pale ambapo pesa si yako, ndiyo maana huwa sijibu kwa neno moja.

Hapa nitaziweka kamera hizo mbili meza moja, na kando yake nitaweka njia ya tatu ambayo wengi huipita bila kuitazama: kubaki na A7 III na kuipeleka pesa kwenye lenzi na taa. Mimi ni mpiga picha wa harusi Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu itanukia pilau na marashi ya ukumbini. Anayepiga ndege Tarangire au mechi za mpira atapima tofauti kidogo.

Sony waliitangaza A7 III Februari 2018, bei ya Marekani ikiwa karibu dola 2,000 kwa bodi bila lenzi. A7 IV ilitangazwa Oktoba 2021 kwa karibu dola 2,500. Zote zina kihisi cha fulu fremu (kikubwa, sawa na fremu ya filamu ya milimita 35), zote zinapokea lenzi za mlango wa E (sehemu ya kufungia lenzi ya Sony), na zote zinatumia betri ileile, NP-FZ100. Jambo hilo la mwisho si dogo. Ukihama hutupi lenzi wala betri hata moja.

Anza na picha ulizotupa

Fungua folda ya harusi yako ya mwisho. Achana na picha ulizomkabidhi mteja, tafuta zile ulizoziacha. Chukua mia moja na uandike pembeni kila moja imeanguka kwa sababu gani: fokasi imekamata ua badala ya jicho, mtu ametikisika, chenga (punje-punje za picha ya gizani) zimejaa, taa imetoka juu na kuzamisha macho, au wewe mwenyewe ulichelewa kubonyeza. Sababu hiyo ya mwisho haina dawa dukani.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilijiandaa kuilaumu fokasi. Nikakuta zaidi ya nusu ya takataka zangu zilikuwa za mwanga: nyuso za wazazi meza kuu zikiwa zambarau upande mmoja na giza upande wa pili, kwa sababu nilitegemea taa za mpambaji na za DJ. Karatasi ile ndiyo iliyoamua pesa yangu iende wapi mwaka ule. Yako huenda ikasema mengine kabisa.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: picha yenyewe, fokasi, video, kuvumilia siku nzima ya kazi, na gharama yote mpaka faili linamfikia mteja. Video nitaikalia zaidi, maana ndipo kamera hizi zinapoachana njia.

Picha yenyewe

A7 III ina megapikseli 24, yaani pikseli 6,000 kwa 4,000. A7 IV ina 33, yaani 7,008 kwa 4,672. Kwenye bango la duka namba 33 inaonekana kubwa mbele ya 24, lakini ukipima upana wa picha peke yake, nyongeza ni kama asilimia 17. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, A7 III inakupa karatasi ya upana wa sentimita 50 na ushei, A7 IV inakupa 59. Fremu ya sebuleni ya A3 ina upana wa sentimita 42, kwa hiyo zote zinaitosheleza na kubaki. Instagram yenyewe huionyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, na WhatsApp huibana picha mpaka mtu asijue ilitoka kwenye kamera gani.

Pale ambapo 33 zinasaidia kweli ni kwenye kukata. Padri amekuambia usivuke mstari wa mabenchi ya mbele, nawe umesimama mbali na lenzi ya milimita 85, pete inavishwa. Ukikata nusu ya picha ya A7 IV bado unabaki na kitu cha kuchapa. Ukiziweka zote kwenye hali ya kihisi kidogo, ile ya kukuza kwa 1.5, A7 III inabaki na megapikseli 10 na A7 IV 14. Kwa mtu mwenye lenzi mbili tu, hilo ni kama kuongezewa nusu lenzi.

Chenga gizani? Wengi wananunua A7 IV wakitarajia muujiza hapa. Ukizilinganisha picha kwa ukubwa mmoja, tofauti ni ndogo mno. Sony wenyewe wanazitaja zote kuwa na uwezo wa hatua 15 kati ya giza na mwanga, na kiwango cha kawaida cha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, kinaishia 51,200 kwa zote. Ngozi zetu nyeusi zikipigwa kwenye mwanga pungufu kisha zikavutwa juu kwenye kompyuta, zitatoa chenga kwa kamera hii na ile. Dawa ni kupima mwanga kwa uso wa mtu, na kuliacha gauni jeupe na mapambo yajitegemee.

Sasa tazama njia ya tatu kwenye kigezo hikihiki. Wengi walinunua A7 III ikiwa na lenzi yake ya 28-70 ya f/3.5-5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake ni f/5.6. Weka mahali pake Tamron 28-75 ya f/2.8, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2018 kwa dola 800 hivi, na kwenye urefu uleule unapata mwanga mara nne. Picha uliyokuwa unaipiga kwa ISO 12,800 unaipiga kwa 3,200. Hakuna bodi kati ya hizi mbili inayoweza kukupa mruko mkubwa namna hiyo. Sony 85 ya f/1.8, iliyotoka 2017 kwa karibu dola 600, inapeleka jambo mbele zaidi, ingawa ukumbi wenye meza zilizobanana utakulazimisha urudi nyuma mpaka jikoni.

Kwa hiyo kama karatasi yako imeandikwa "chenga" kila mstari, tazama kwanza kilichofungwa mbele ya kamera yako.

Fokasi

A7 III ilikuja na nukta 693 za fokasi zilizotapakaa karibu kihisi chote, na mwaka 2018 hilo liliwashangaza watu. Aprili 2019 Sony walitoa toleo la 3.0 la programu yake ya ndani, na toka hapo kamera ikawa inakamata jicho yenyewe bila kushikilia kitufe maalumu, na ikaongezewa macho ya wanyama. Nimekutana na watu wanaolalamikia fokasi ya A7 III ambao kamera zao bado zina programu ya 2018. Kabla hujauza, angalia namba ya toleo kwenye menyu. Kusasisha ni bure.

A7 IV ina nukta 759, lakini utamu wake uko kwenye ung'ang'anizi. Ukiielekeza kwa bibi harusi, inamfuata: akigeuka inashika kichwa, akirudi inashika jicho, akipita mtu mbele yake inasubiri. A7 III hupotea mara nyingi zaidi katika hali hiyo, hasa watu wakianza kuingia kwa kucheza, mpambe mbele, bwana harusi nyuma, mashangazi wakipunga vitambaa katikati. Gizani pia A7 IV imeongezewa hatua moja: Sony wanasema inafanya kazi hadi EV -4, mwenzake hadi -3 (EV ni kipimo cha mwanga; ikishuka, giza linazidi). Na inatambua ndege, ambayo kwa mtu wa mbugani ni habari nzuri na kwa mtu wa ukumbini si habari.

Njia ya tatu ina cha kusema hapa pia. Fokasi hula mwanga. Lenzi ya f/1.8 huipa kamera mwanga mwingi wa kufanyia kazi kuliko ya f/5.6, na A7 III iliyokuwa inasita huacha kusita. Haitafikia ung'ang'anizi wa A7 IV, lakini pengo linapungua.

Kwa picha za kupanga, familia kwa familia jukwaani, kamera hizi ni pacha. Hakuna anayekimbia.

Video

Hapa sasa. Kama unapiga video, au mteja wako anataka ile filamu fupi ya dakika tatu ya kurusha mtandaoni kabla hata hajarudi fungate, basi sehemu hii ina uzito kuliko nyingine zote.

Kwanza rangi. A7 III inarekodi biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. A7 IV inarekodi biti 10, ngazi 1,024, na inaweka taarifa nyingi zaidi za rangi kwenye faili, ile inayoitwa 4:2:2. Ukipiga kawaida na kumpa mteja kama ilivyo, hutaona kitu. Ukipiga S-Log (video yenye rangi zilizofifishwa makusudi ili uzitengeneze baadaye) na kuanza kuvuta rangi kwenye kompyuta, utaona: pazia jeupe la jukwaa lililopigwa taa za bluu litagawanyika mistari-mistari kwenye faili la biti 8, na kwenye biti 10 litateremka laini. Ngozi za watu weusi chini ya taa za rangi zina mgogoro huohuo. A7 IV ina pia S-Cinetone, rangi iliyopikwa tayari, inayokufaa ikiwa huna muda wa kukaa na Log.

Pili muda. A7 III hukata video ikikaribia dakika 30, na ukomo huo haukutokana na joto. Ulikuwa desturi ya kamera nyingi za picha za wakati ule, ukihusishwa na ushuru wa Ulaya uliotoza zaidi vifaa vinavyorekodi zaidi ya nusu saa. Kwetu maana yake ni hii: umeiweka kamera ya pili kwenye stendi nyuma ya kanisa, mchungaji ana mahubiri ya dakika 50, na asiyekumbuka kubonyeza tena anapoteza viapo. A7 IV haina ukomo huo. Itarekodi mpaka kadi ijae, betri iishe, au joto liikatae. Na joto lipo, usidanganywe. Ndani ya hema la Desemba bila feni, ukirekodi 4K ya fremu nyingi mfululizo, bodi inapata moto. Nenda kwenye menyu uweke kiwango cha joto la kujizima kuwa cha juu, na uikinge na jua.

Tatu, mwendo wa polepole. A7 III inaishia 4K ya fremu 30 kwa sekunde, na kwa mwendo wa polepole unashuka hadi Full HD ya fremu 100 au 120. A7 IV inafika 4K ya 50 au 60, ila kwa kukata picha mara 1.5, kwa hiyo lenzi yako ya milimita 28 inakuwa kama 42. Kwenye chumba cha kujiandalia bibi harusi, kitanda hapa, kioo pale, kukata huko kunauma. Wengi waliokimbilia A7 IV kwa ajili ya 4K 60 wamejikuta wananunua na lenzi pana.

Kuna jambo moja dogo ambalo tathmini za Wamarekani hazitakuambia. A7 III ikipiga 4K ya fremu 30 hukata picha kidogo, mara 1.2. Ikipiga 24 au 25 haikati. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ili taa zisipepese kwenye video tunatakiwa kupiga fremu 25 na shata ya 1/50. Maana yake ukiiseti kamera yako PAL (mfumo wa video wa fremu 25 na 50) kama inavyopasa huku kwetu, kasoro hiyo huikuti kabisa.

Nne, fokasi ya video. A7 III inatambua nyuso lakini haishiki jicho kwenye video. A7 IV inashika, na ukigusa skrini inamfuata uliyemgusa. Kwa mtu anayetembea na gimbali (mkono wa kutuliza kamera) akirudi nyuma mbele ya maharusi wanaoingia ukumbini, hiki ndicho kitu cha kwanza atakachokishukuru. Ina pia hali ya kutuliza mtikisiko zaidi wakati wa video, inayokata picha kidogo. Usiitegemee kutembea nayo kama gimbali, lakini kwa kusimama na kugeuka inatosha.

Mwisho, nyaya. A7 III ina tundu dogo la HDMI, lile jembamba ambalo mtoto wa jirani akilikanyagia waya linalegea. A7 IV ina tundu kubwa la kawaida, na inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa USB na kusomeka kama kamera ya wavuti. Anayerusha ibada mubashara kila Jumapili ataliona hili kabla ya lolote nililolitaja juu.

Na njia ya tatu kwenye video? Lenzi yenye mwanga itapunguza chenga, na taa mbili za LED zenye kitambaa cha kulainisha zitafanya biti 8 zako zionekane nzuri, maana rangi ukiipata sawa ukumbini huhitaji kuivuta nyumbani. Lakini hakuna lenzi itakayoondoa kikomo cha nusu saa wala kuongeza biti mbili. Mpiga video anayebaki na A7 III anakubali kufanya kazi ndani ya mipaka hiyo, na wapo wengi wanaofanya vizuri.

Siku nzima kazini

Betri: mshangao mdogo. Kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengenezaji kamera cha Japani), ukitumia skrini, A7 III inapiga picha 710 kwa chaji moja na A7 IV 580. Kamera mpya inakula zaidi. Tatu zinatosha kwa yoyote.

Kadi: zote zina nafasi mbili, na tafadhali ziandike zote mbili kwa pamoja, harusi hairudiwi. Kwenye A7 III nafasi moja tu ndiyo ya kasi ya UHS-II, nyingine ni ya kizazi cha nyuma, kwa hiyo ukiandika kotekote unakwenda kwa mwendo wa ile nzito. A7 IV zote ni za kasi, na moja inapokea pia CFexpress ya aina A, ambazo bei yake itakufanya ukae chini kwanza. Kwa kazi za harusi SD nzuri zinatosha.

Skrini ya A7 III inainama juu na chini tu, na menyu haiguswi. Ya A7 IV inafunguka pembeni na kugeuka, na menyu unaigusa kama simu. Mtu anayejirekodi mwenyewe anaihitaji. Mimi, nikipiga kwa kuinua kamera juu ya vichwa vya watu kwenye kukata keki, naipenda ile ya zamani ya kuinama: haiendi pembeni, haigongwi.

Vumbi ni hadithi yake. Kamera zisizo na kioo ndani huacha kihisi wazi unapobadilisha lenzi. A7 IV inaweza kufunga shata ukiizima, ikawa pazia. Anayepiga harusi za uwanjani Dodoma, upepo wa mwezi wa nane ukivuma, atapunguza saa nyingi za kufuta madoa angani. Mwenye A7 III azime kamera, aielekeze chini, abadilishe haraka. Tumefanya hivyo miaka yote.

Kitu kimoja ambacho A7 IV haikukirekebisha: shata ya kimya. Kihisi chake kinasomwa polepole, na ukipiga kimya chini ya taa za LED unapata mistari, na mikono inayopiga makofi inapinda. Na ile kasi ya picha 10 kwa sekunde inapatikana ukikubali RAW (faili ghafi la kamera) iliyobanwa kwa kupoteza kidogo. Ukichagua isiyopoteza inashuka hadi kama 6. Kwenye harusi sijaona anayehitaji 10, labda siku ya kurusha ua.

Gharama yote

Bei ya bodi ni mlango tu. Faili la RAW lililobanwa la A7 III lina megabaiti kama 24, la A7 IV kama 33 na zaidi. Harusi ya picha 2,000 inatoka gigabaiti 48 kwenda 66. Kwa harusi 40 kwa mwaka hiyo ni nyongeza ya gigabaiti 720, na kwa kuwa unatunza nakala mbili (unatunza, siyo?), karibu terabaiti moja na nusu ya ziada kila mwaka.

Video ya biti 10 nayo ina mambo yake. Ukirekodi kwa H.265 (namna ya kubana video) ya 4:2:2, kompyuta isiyoifungua faili hiyo kwa kifaa chake cha ndani itagugumia mpaka ulie. Intel kuanzia kizazi cha 11 na Apple kuanzia M1 zinaimudu. Ukiwa na mashine ya zamani, utengeneze proksi (nakala nyepesi za kuhariria), au uhesabu bei ya kompyuta ndani ya bei ya kamera. Nimeona mtu amenunua A7 IV na kuendelea kurekodi biti 8 mwaka mzima kwa sababu ya kompyuta. Alilipia shamba akalima kona.

Ukiagiza nje, bei ya Marekani si bei ya mkononi: kuna usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania. Ukinunua iliyotumika, uliza idadi ya mipigo ya shata. Sony waliitaja shata ya A7 III kuwa imejaribiwa hadi mipigo kama 200,000. Piga hesabu yako: mipigo 2,000 kwa harusi, harusi 40, ni 80,000 kwa mwaka. Kamera ya miaka mitatu ya kazi hiyo imeshavuka kipimo. Haina maana itakufa kesho, ila inaongeza sababu ya kubadilisha ambayo haihusiani na biti wala megapikseli: uzee.

Hesabu ya kurudisha ni nyepesi. Chukua bei ya A7 IV, toa utakachouzia A7 III, gawa kwa kile kinachobaki mfukoni baada ya matumizi ya harusi moja. Tuseme unaongeza milioni mbili na kila harusi inakuachia laki mbili: harusi kumi. Halafu tazama kalenda. Desemba kazi zinajaa, Kwaresima na Ramadhani zinapungua. Mkopo uliochukuliwa wiki mbili kabla ya Ramadhani utaanza kudai marejesho ukumbi ukiwa mtupu.

Lenzi kwenye kigezo hiki ina faida yake ya pekee. Bodi hushuka bei kila toleo jipya likitoka, lenzi nzuri hushuka taratibu. Na siku ukihamia A7 IV au nyingine yoyote ya mlango wa E, lenzi unahama nayo.

Kuhusu A7 V, iliyotangazwa Desemba 2025: imebaki na megapikseli 33, ila kihisi chake kinasomwa haraka zaidi, inapiga hadi picha 30 kwa sekunde kwa shata ya kimya, na 4K 60 yake haikati picha kama A7 IV. Ilianzia karibu dola 2,900. Kwa wengi wetu faida yake kubwa kwa sasa ni kwamba wenye uwezo wataihamia, na A7 IV zao zitaingia sokoni.

Kulingana na hali yako

Unapiga picha tu, lenzi yako ni ile iliyokuja na kamera, na hujawahi kuwa na flashi ya kuweka mbali na kamera: A7 III ibaki. Nunua lenzi ya f/2.8 au ya f/1.8, kisha flashi na kirusha mawimbi chake. Kikibaki kitu, kadi mpya.

Unapiga picha tu, lenzi unazo, na karatasi yako inasema fokasi imekosa kwenye watu wanaotembea na kucheza: A7 IV itakusaidia. Sasisha kwanza programu ya A7 III na upige harusi mbili zaidi. Ikiendelea kukosa, una jibu.

Video ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, unahariri rangi, unarekodi ibada nzima au hafla ndefu: A7 IV ina hoja nzito, mradi kompyuta iweze. Isipoweza, anza na kompyuta. Na kama hugusi rangi, unapiga na kukabidhi, kitakachokusumbua kwenye A7 III ni kile kikomo cha nusu saa peke yake.

Unapiga peke yako bila kamera ya akiba: sikushauri uuze A7 III kabisa, hata ukinunua A7 IV. Betri ni zilezile na lenzi ni zilezile, kwa hiyo zinakaa begi moja bila ugomvi. Kwenye video zitahitaji kulinganishwa rangi, maana hazitoi ngozi sawa. Ipe A7 III kazi ya pembe pana ya mbali, ambapo hakuna atakayezilinganisha nyuso.

Ndiyo kwanza unaanza na huna yoyote: A7 III iliyotumika na lenzi moja nzuri ni kianzio cha heshima, na pesa iliyobaki ikulipie picha za bure utakazopiga ili watu wakujue. Mwenye wateja wa video wanaomsubiri tayari aanze moja kwa moja na A7 IV, asinunue mara mbili.

Bado hujui? Kodi A7 IV kwa Jumamosi moja yenye kazi halisi, ukiwa na lenzi zako mwenyewe. Jumatatu rudia ile karatasi ya picha mia moja zilizotupwa, uiweke kando ya ya kwanza.